Kijivu Nilichokifuta

Mdomo wangu una kelele, wala sikatai, lakini macho yangu hayataki kelele hata kidogo. Nikiingia sebuleni nikakuta vikombe vitatu, rimoti mbili na soksi moja juu ya meza, kichwa kinaniuma papo hapo. Mume wangu hunicheka. Husema siku akikaa kwenye kochi saa mbili bila kujitikisa, nitambeba nikamtupe jalalani. "Mama Pacha," huniambia, "mimi ni mtu, si takataka." Nami humjibu athibitishe kwanza kwa kuokota soksi zake.

Kazi yangu ni hiyohiyo, ila naifanyia kwenye skrini. Natengeneza dashibodi. Watu wana namba nyingi kuliko macho ya kuzitazama. Wananiletea, nami napunguza, napanga, nafuta, mpaka mtu akitupa jicho mara moja tu anajua kama mambo ni shwari au yameharibika. Nilikuwa nimeifanya kwa miaka sita kabla ya kuitwa kwenye ghala la baridi ambako mume wangu ni fundi mitambo. Siku niliyopewa kazi ile nilirudi nyumbani nikiimba. Sikujua kwamba najipalia makaa.

Ghala lile lina vyumba saba vya kugandisha, kila kimoja kinameza shehena ya malori sita: kuku, samaki, nyama, mboga za kusafirishwa. Baridi yake inatokana na amonia, gesi inayopita kwenye mabomba chini ya dari. Ikikaa ndani ya bomba, haina shida na mtu. Ikitoka nje inachoma macho, inakaba koo, na ikiwa nyingi mtu hatoki. Harufu yake ni ya dawa ya nywele ya saluni, ila mara mia. Kwa hiyo kila chumba kimefungiwa kitambuzi ukutani, kijidude kidogo kama kibiriti kinachopima gesi hewani kila nusu dakika na kutuma namba kwenye skrini ya chumba cha mitambo. Mafundi wanaviita pua.

Kabla ya pua hizo kila mlango ulikuwa na maandishi makubwa mekundu: NUSA KWANZA. Unafungua mlango upana wa kiganja, unaingiza uso, unavuta hewa, unasubiri. Pua za ukutani zilipokuja, utaratibu ukabadilika. Sasa unasimama nje ya mlango, unapiga simu chumba cha mitambo, unauliza, "Chumba cha tatu vipi?" Anayekaa kwenye skrini anainua macho, anakujibu, "Kijani, ingia." Huingii kabla hujayasikia maneno hayo, na ukishayasikia huna haja ya jingine.

Anayekaa kwenye skrini ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Kila mtu anamwita Redio kwa sababu hazimiki. Akikosa wa kuongea naye, anaongea na kikombe chake cha chai. Mimi na yeye ni utani kutwa kucha. Ananiambia kaka yake aliibiwa, namwambia yeye ndiye aliyerudishwa dukani.

Skrini niliyoikuta kwa Redio ilikuwa balaa. Namba arobaini na mbili kwa wakati mmoja, rangi tisa, nembo ya kampuni inazunguka kama pia, na kwenye kona kuna picha ya ndege wa barafuni anacheza. Nani alimweka ndege yule, mpaka leo sijui. Taa za hatari zilikuwa zinamwekamweka muda wote kwa mambo ya kipuuzi, mpaka Redio akabandika karatasi juu yake ili apumzishe macho. "Shemeji," aliniambia, "hii kitu ikipiga kelele kweli sitajua, maana haijawahi kunyamaza."

Nilifuta kila kitu. Nikaacha ubao mweupe mtupu wenye miraba saba tu, mraba mmoja kwa kila chumba. Kijani, salama. Njano, angalia. Nyekundu, hatari, hapo king'ora kinalia chenyewe, valvu kuu ya gesi inajifunga na feni kubwa za kutolea hewa zinawaka. Namba nilizificha nyuma ya miraba: ukigusa mraba, zinafunguka. Na kulikuwa na rangi ya nne, kijivu, ya chumba ambacho pua yake haijatuma namba yoyote.

Kijivu kilinitesa. Waya za pua zilikuwa zinashikwa na barafu, mawasiliano yanakatika dakika moja, mbili, halafu yanarudi. Kwa hiyo ubao wangu mzuri ulikuwa unaota madoa kama nguo iliyomwagikiwa maji ya jivu. Meneja akaja, akasimama mikono nyuma.

"Hiki kijivu ni cha nini?"

"Chumba hakijatuma namba."

"Lakini kiko salama?"

"Huenda."

"Mgeni akija akaona, atadhani tumelala. Kiweke kijani."

Nilibisha. Nilibisha dakika mbili nzima, na ukinijua utaona aibu yake, kwa sababu bei ya viazi peke yake huwa naibishania nusu saa. Na ukweli ni huu, leo nausema: hakunishinda. Mimi mwenyewe sikukipenda kile kijivu. Kilinichafulia. Nikakaa kwenye kompyuta nikaandika mstari mmoja: kama namba haipo, hesabu sifuri. Sifuri ya gesi ni salama, salama ni kijani. Nikabonyeza kuhifadhi, nikajitia hamnazo, nikafunga kompyuta nikaenda nyumbani.

Baba Pacha aligundua siku ya pili. Tulikuwa tunakunja nguo za watoto, akaniuliza, "Kijivu umekipeleka wapi?"

"Nimekitupa. Kilikuwa takataka."

"Na pua ikikatika tutajuaje?"

"Wewe shughulika na mabomba yako, rangi niachie mimi."

Alicheka. "Haya, daktari wa rangi." Akaendelea kukunja. Aliniamini, bwana, hivyo tu, na shati la mtoto mkononi.

Miezi mitatu ikapita, sifa zikamwagika. Redio akaondoa karatasi lake. Meneja akanivika kilemba cha ukoka mbele ya wafanyakazi wote, nami nikakivaa kikanikaa. Kichwa kilivimba mpaka nikawa natembea ghalani kukagua visivyonihusu. Mimi ndiye niliyesema yale maandishi ya NUSA KWANZA yanachafua milango na hayana kazi tena. Wiki ile ile yakapakwa rangi nyeupe.

Sasa ile siku. Baba Pacha aliamka na mafua ya kutisha. Alipiga chafya mpaka pacha wakawa wanahesabu kwa sauti, wakafika kumi na saba. "Puani hakupiti hata upepo," alilalamika. Nikamwambia apumzike nyumbani. Akasema akipumzika nitamtupa jalalani, na tena saa tano ana kazi chumba cha tano, kuna barafu imeshikana kwenye bomba lazima aivunje. "Dakika kumi tu, naingia natoka." Nikamfunga skafu shingoni kwa nguvu kidogo, kwa hasira za mapenzi, tukaondoka pamoja.

Mimi nilikuwa na wageni. Watu watano kutoka kampuni yenye maghala kumi na moja, wamekuja kuuona ubao wangu, wakiupenda wauchukue kwao. Tulikaa chumba cha mikutano, ghorofani, ng'ambo ya uwanja. Kompyuta yangu niliiunganisha na skrini kubwa ya ukutani. Miraba saba, yote kijani, kwenye weupe. Ilipendeza jamani. Mgeni mmoja akasema, "Hii ndiyo akili," nami nikajifanya sijasikia ili arudie.

Nilieleza, nikatania, wakacheka. Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na dakika nne. Mama mmoja katika wageni, mwenye miwani ya kamba, akaniambia, "Hebu gusa mmoja tuone hizo namba zilizojificha. Gusa huo wa tano."

Nikagusa.

Mraba ukafunguka, ukatoka mchoro wa namba za asubuhi. Mstari ulianza kushoto, umelala chini kabisa kama unavyotakiwa. Saa nne na dakika sita ukaanza kuinuka. Tatu. Saba. Kumi na tisa. Arobaini na moja, na njano huanzia hamsini. Saa nne na dakika tisa, ukakatika. Si kwamba ulishuka. Ulikatika katikati ya kupanda, na baada ya hapo hakukuwa na mstari wowote, weupe mtupu kwa karibu saa nzima. Juu yake, kwa herufi nilizozichagua mimi, pameandikwa: Chumba cha 5, salama.

Gesi ilikuwa imevuja, imepanda, halafu pua imekufa, na ubao wangu ukahesabu sifuri. Saa nne na dakika tisa chumba cha tano kilipaswa kuwa kijivu, na mtu yeyote angepiga simu mlangoni angeambiwa subiri. Badala yake kilikuwa kijani kizuri, kilichonyooka, na mume wangu alikuwa na miadi nacho saa tano, na pua yake mwenyewe imeziba.

"Mbona namba zimeisha?" yule mama akauliza.

Nilichukua simu nikampigia Baba Pacha. Haipatikani. Kuta za vile vyumba ni nene kama godoro, ukishaingia ndani simu haipatikani, kwa hiyo lile jibu lilinieleza kila kitu. Alikuwa ndani. Nikampigia Redio. Simu inatumika. Simu ya Redio inatumika saa zote, ndiyo maana anaitwa Redio, na siku zote tulicheka kwa hilo. Nikapiga tena. Inatumika.

"Kuna tatizo?" Meneja akanong'ona, tabasamu likiwa bado usoni kwa ajili ya wageni.

"Chumba cha tano kina gesi. Baba Pacha yuko ndani."

Akatazama ukutani. "Si kijani?"

Mungu wangu. Nilimtazama mtu yule, mtu mzima mwenye akili zake, anaamini rangi kuliko anavyoniamini mimi niliyeichagua ile rangi. Na angeamini hivyohivyo Redio, na mlinzi wa uwanjani, na fundi yeyote ambaye ningemkimbilia nikipiga kelele. Wangeinua macho kwanza waone. Kutoka pale ghorofani mpaka chumba cha tano ni ngazi mbili, uwanja mzima wa malori, na ukumbi mrefu wa kupakia. Dakika nne kwa mtu anayekimbia. Na nikishafika, nifungue mlango niingie na mimi?

Hapo ndipo nilipokumbuka sehemu ya majaribio. Nilipokuwa naujenga ubao nilijiwekea kidirisha cha siri cha kuandikia namba za uongo, ili nijaribu rangi bila kusubiri gesi ya kweli. Sikuwahi kukiondoa. Nilikifungua mbele ya watu wote, nikachagua chumba cha tano, nikaandika 999. Niliandika vibaya mara ya kwanza. Nikafuta. Nikaandika tena nikabonyeza.

Mraba wa tano ukawa mwekundu. King'ora kikapasua jengo.

Sijui wageni walifanya nini. Mimi nilikuwa kwenye ngazi. Kiatu kimoja kilinitoka nikakiacha. Uwanjani madereva walikuwa wanaruka kutoka kwenye malori, watu wa kupakia wanamiminika nje, na mimi peke yangu naelekea ndani, najigonga kwao, nalia, naita jina la mume wangu la nyumbani ambalo hata watoto hawalijui. Feni kubwa zilikuwa zimewaka, zinanguruma juu ya paa. Kwenye ukumbi wa kupakia nikakutana na ile harufu. Ya saluni. Macho yakaanza kuniwaka hata kabla sijauona mlango.

Mafundi wawili waliovaa vinyago walinishika mikono wakanizuia. Niliwapiga. Mmoja nilimng'ata, Mungu anisamehe. Mlango wa chumba cha tano ulikuwa wazi upana wa mtu, ukungu mweupe unatoka chini yake, na hakuna anayetoka. Nilihesabu. Sijui kwa nini nilihesabu. Nilifika ishirini na tatu, na kwenye ishirini na nne mkono ukatokea sakafuni, halafu kichwa. Alikuwa anatambaa, skafu yangu kaizungushia mdomoni, macho kayafumba kabisa, anafuata ukuta kwa bega. Wakamkamata kwapani wakamburuta mpaka uwanjani, na mimi nikiburutika nyuma yao na kiatu kimoja.

Alikohoa mpaka akatapika. Mafundi walimmwagia maji machoni bila kukoma. Alipoweza kusema, alisema, "Nilikuwa nyuma kabisa. Nimegonga barafu, gesi ikaja yote. Sioni. King'ora kikalia, nikafuata sauti."

Redio alikuja mbio, analia waziwazi, akanishika mabega. "Nilimwambia kijani, ingia. Shemeji, haki ya Mungu ilikuwa kijani! Kaniuliza nikaangalia, kijani, nikamwambia ingia. Halafu ghafla nyekundu. Ule ubao wako, shemeji! Ubao wako umemtoa kaka yangu!"

Watu walisikia. Mmoja akasema kweli, mwingine akasema bila ubao ule leo tungezika. Mtu akaanza kupiga makofi, wakapiga wote. Meneja alikuwa amefika na wageni wake, jasho linamtoka, na nilimsikia akisema, "Mmejionea wenyewe." Akanitazama. Alijua. Aliniona kwa macho yake nikiandika ile namba. Akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayemkanya mtoto mbele ya wakwe.

Na mimi nikanyamaza. Mimi, mdomo huu. Niliogopa. Niliogopa jela, niliogopa Redio, niliogopa kuona uso wa mume wangu akijua. Nikapanda gari la zahanati nikashika mkono wake, nikanyamaza njia nzima.

Zahanati ni chumba chenye vitanda vinne, mtaa wa pili kutoka ghalani. Muuguzi alimwekea hewa ya kusaidia kupumua, akamdondoshea dawa machoni, akasema mapafu yameungua kidogo lakini mtu wetu atapona. Tukaachwa wawili. Ile mashine ilikuwa inatoa sauti kama chai inayokaribia kuchemka. Alikuwa amefungwa pamba machoni, anapapasa shuka, nikampa mkono.

"Daktari wa rangi," akasema. Sauti ilikuwa imekwaruzika, si yake. "Ubao wako umeniokoa. Nikipona sitaacha soksi mezani tena."

Hapo nilishindwa. Kama angenigombeza ningevumilia. Nilimwambia yote, haraka haraka, kama mtu anayetapika: kwamba pua ilikufa saa nne na dakika tisa, kwamba ubao ulijua ila nimeufundisha kusema kijani, kwamba nyekundu ile niliiandika mimi kwa mkono, namba ya uongo. Kwamba yule mgeni angeniambia niguse mraba mwingine, mimi ningekuwa bado natania pale ghorofani.

Mkono wake ulibaki ndani ya wangu lakini ulikuwa umelegea. Nilisubiri. Niliogopa kuliko nilivyoogopa mlangoni, kwa sababu mlangoni nilikuwa na cha kufanya.

"Nilikuuliza," akasema mwishoni. "Siku ile ya nguo. Nilikuuliza tutajuaje."

"Uliniuliza."

"Saa ngapi sasa?"

Nilidhani anataka dawa. "Saa nane kasorobo."

Alijaribu kukaa kitako, mpira wa hewa ukamvuta. "Zamu ya mchana inaingia saa nane. Wataambiwa kila mahali kijani isipokuwa cha tano, na wataingia. Hivyo vingine sita, umevitazama?"

Sikuwa nimevitazama. Tangu asubuhi nilikuwa nawaza chumba kimoja tu, na mtu mmoja.

"Mama Pacha," akasema, "nenda. Usinishike mkono, nenda."

Nilitoka mbio na ndala za muuguzi. Nikampigia Redio njiani: inatumika, inatumika, inatumika. Kila mji lazima alikuwa anaupigia kusimulia jinsi ubao ulivyomwokoa kaka yake. Nilifika chumba cha mitambo saa nane kasoro dakika sita, nikamsukuma kwenye kiti chake.

"Shemeji, pole, anaendelea..."

"Nyamaza kidogo. Usipige simu tena, watu wa zamu watapiga."

Niliketi. Jasho lilikuwa linaniingia machoni. Ule mstari niliuandika mimi, kwa hiyo niliupata mara moja, umekaa pale pale, mfupi, safi, hauna kosa lolote la uandishi. Kama namba haipo, hesabu sifuri. Nikaufuta. Nikafuta na 999. Nikakirudisha kijivu mahali pake, nikabonyeza, nikasubiri nusu dakika ambayo ubao unahitaji ili ujisome upya. Redio alisimama nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe kwao nilimsikia anapumua tu.

Chumba cha tano kikawa kijivu. Hicho nilikitegemea.

Kikafuata chumba cha pili, kijivu.

Halafu cha saba.

"Kwa nini hivyo?" Redio akauliza. "Shemeji, kwa nini hivyo vingine?"

Niligusa chumba cha saba. Namba ya mwisho ilitumwa siku kumi na tisa zilizopita. Nikagusa cha pili. Siku kumi na moja. Pua zilikuwa zimekufa, na sisi tulikuwa tunaingia, tunatoka, tunacheka, tunanywa chai, siku kumi na moja, siku kumi na tisa, chini ya kijani changu. Sikujua kama mle ndani kuna hewa safi au kuna kile kilichomtambaza mume wangu sakafuni. Hakuna aliyejua. Hakuna aliyewahi kujua, tulikuwa tunaangalia rangi.

"Jana niliwaingiza watu wanane chumba cha pili," Redio akasema taratibu. Alikuwa anahesabu kwa midomo. "Na juzi. Na juzi ile nyingine. Nilimwambia kila mtu ingia." Akanitazama. "Nilimwambia kaka yangu ingia."

"Ulisoma nilichokuandikia mimi, shemeji. Kosa ni langu. Nitalisema mbele ya kila mtu, leo hii."

Simu ikalia. Redio aliipokea na kuiweka sauti ya nje, kwa mazoea. Aliyepiga alikuwa msimamizi wa zamu ya mchana, mama mmoja mwenye sauti ya uchangamfu, na nyuma yake watu wanacheka, mtu anagongagonga toroli.

"Redio, pole na ya kaka. Tuko mlangoni, chumba cha pili, watu kumi na wawili. Vipi?"

Redio akafungua mdomo. Miaka yote hiyo hakuwahi kukosa neno. Aliutazama ubao, akanitazama mimi, machozi yamesimama, akafunika simu kwa kiganja.

"Nimwambie nini?"

"Wasifungue," nikasema. "Mwambie hatujui."